Doriani si meja iliyoanzia katikati

Nimeulizwa tena: "Mwalimu, Doriani si ni C meja tu, ila unaanzia D?" Hapana. Doriani ni modi.

Modi ni mpangilio wa toni na nusu toni (hatua kubwa na hatua ndogo kati ya noti) ndani ya oktavu, yaani kutoka noti moja hadi ya jina lilelile juu yake, pamoja na noti moja ambayo wimbo unaihesabu kuwa nyumbani. Basi. Meja na maina ni mbili tu kati ya hizo.

Neno lenyewe ni la Kilatini, modus: kipimo, au namna. Namna, si mahali pa kuanzia. Majina kama Doriani (haihusiani na doria ya askari), Frigiani na Lidiani ni ya Wagiriki wa kale. Wanazuoni wa Ulaya ya zama za kati waliyaokota wakayabandika pasipo pake, hata Doriani ya Wagiriki, iliyolingana na E hadi E, ikawa D hadi D. Meja haikuwamo kwenye orodha yao ya modi nane. Ni mwanazuoni wa Uswisi, Heinrich Glarean, mwaka 1547, aliyeiongeza kwa jina la Ioniani, pamoja na Eoliani, yaani maina ya asili, kila moja na pacha wake, na modi zikawa 12. Sasa meja, aliyekuja mwisho, ndiye tunamfanya mama wa wote!

Tatizo husikika kwenye kinanda. Mwanafunzi anapiga vibao vyeupe kutoka D, halafu vidole vinamrudisha C bila yeye kujua. Sikio linasikia meja, naye anaapa kapiga Doriani. Shikilia D kwa mkono wa kushoto, isinyamaze, kisha panda taratibu. Ukifika F unajua uko kwenye maina. Ukifika B, unashtuka kidogo, kwa kuwa D maina ya asili ingekupa B flati, yaani B iliyoshushwa nusu toni. Mshtuko huo ndio Doriani. Ndio pia unaofanya kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya hatua ya nne iwe G meja badala ya G maina. Wanakwaya wa solfa waimbe la, ti, do, re, mi, fi, so. Ile fi, yaani fa iliyopandishwa nusu toni, haitawaacha wasinzie.

Ni kweli noti za D Doriani na za C meja ni zilezile, na kwa kukariri haraka hila hiyo inafaa. Ila ukiulizwa Doriani ni nini, sema ni maina ya asili iliyopandishwa noti ya sita kwa nusu toni. Kisha ipige kuanzia C, upite E flati, A na B flati, uone kama bado utaiita C meja.