Kumalizia kiko cha brayari nyumbani: dhana potofu na ukweli

Arusha iliwahi kuwa na kiwanda cha viko, vilivyochongwa kwa mirishamu, jiwe jeupe na jepesi lililochimbwa Sinya karibu na mpaka wa Kenya. Pengine ndiyo sababu mtu akileta mjini kiko cha brayari (mti mgumu wa kuchongea viko) kilichotobolewa lakini hakijapigwa msasa wala kutiwa rangi, kila fundi huwa na la kumshauri. Shida ni kwamba ushauri mwingi umetokana na vinyago na samani, vitu ambavyo havikutani na moto.

Husemwa kwamba brayari ni mzizi wa mti wa Ulaya tu. Kwa kweli ni nundu inayoota kati ya shina na mizizi ya Erica arborea, kichaka cha nchi zinazopakana na Mediterania, nayo huchemshwa kwa saa nyingi na kukaushwa kwa miezi mingi kabla ya kuchongwa. Jamaa zake wamejaa juu ya msitu wa Kilimanjaro, ila asije mtu akapanda na panga, kwani ile ni hifadhi ya taifa.

Dhana iliyoniponza mimi ni kwamba mng'ao hutoka kwenye vanishi. Kiko changu cha kwanza nilikipaka vanishi ya makabati, kikang'aa kama kioo. Baada ya kuvutwa mara chache, ukingo wa bakuli, pale panapotiwa tumbaku, ukatoa malengelenge, kisha ukaanza kubabuka. Mng'ao wa kiko hutoka kwenye msasa (jina ambalo kwanza ni la mti wenye majani ya kukwaruza, yaliyotumiwa kulainishia mbao). Huanzwa na namba 220 (namba ikipanda, msasa huwa laini zaidi) ili kuondoa alama za tupa, kisha 320, 400, 600, na mwenye subira hufika 1000. Anayeruka namba hudhani ameokoa muda, lakini akipangusa mti kwa kitambaa chenye spiriti ataona mikwaruzo myembamba ikikata nyuzi za mti, na rangi itakapoingia mikwaruzo hiyo itakuwa mieusi zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote. Kabla ya namba ya mwisho, mti hulowanishwa kidogo kwa maji, ukaachwa ukauke mpaka vinyweleo visimame, ndipo hupigwa msasa tena.

Wengine huamini kwamba rangi hupakwa mara moja na kazi ikaisha. Rangi nyeusi iliyoyeyushwa katika spiriti hutangulia, kisha huondolewa kwa msasa laini hadi weusi ubaki ndani ya nyuzi tu. Juu yake hufuata ya kahawia au nyekundu. Vishimo vidogo vinavyojitokeza ni vya kawaida kwenye brayari na havidhuru uvutaji, ila vikizibwa kwa gundi na unga wa mbao havitashika rangi sawasawa na mti.

Dawa ya viatu, inayogeuza mti mweupe kuwa «mpingo» wa kuuzia watalii, haifai hapa: ina viyeyusho, na kiko hushikwa kikiwa moto, karibu na pua. Nta ya nyuki ni bora kuliko hiyo, lakini huyeyuka kwenye nyuzijoto 63 hivi, kwa hiyo hunata mkononi. Nta ya karnauba, itokayo kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya minazi na mitende, hustahimili hadi zaidi ya 80, nayo husuguliwa kwa gurudumu la kitambaa lililofungwa kwenye drili. Ndani ya bakuli hakupakwi nta wala rangi. Na yule asemaye kwamba brayari huchuja sumu ya tumbaku amekosea kabisa. Saratani ya mdomo haitazami aina ya mti.

Hatimaye kuna desturi ya kung'oa kipande cha mdomoni ili kisichubuke. Kikiondolewa, msasa hulainisha kingo za shingo zikawa za mviringo, na kikirudishwa hubaki mfereji. Pande mbili hupigwa msasa zikiwa zimeunganishwa, mpaka ukucha upite kwenye kiungo bila kukwama.