Kuuza nyumba kwa minong'ono hakupandishi bei

Ni imani ya siku nyingi: nyumba ikinong'onezwa kwa wateja wachache kabla ya kutangazwa rasmi, itauzwa ghali zaidi. Sivyo. Bei hupandishwa na wanunuzi wanaoshindana, na mnunuzi aliye peke yake hana wa kushindana naye. Analijua hilo, na ofa yake huonyesha. Anayefaidi mara nyingi ni dalali, hasa akilipwa kamisheni na pande zote mbili. Muuzaji amuulize waziwazi, mapema, kama analipwa na pande zote mbili.

Kuonyesha picha wiki chache kabla, wakati rangi bado inapakwa, ni jambo jingine. Huamsha hamu, mradi ofa yoyote isikubaliwe kabla soko zima halijaiona nyumba. Anayeuza kimya kwa sababu ya msiba au talaka ana haki ya faragha yake, ila ajue huenda ikampunguzia bei.