Lambo la mtu binafsi ni nini, na maji yake ni ya nani?

Lambo ni bwawa dogo la udongo. Unatafuta korongo ambalo mvua ikinyesha maji yanapita hapo, unaliziba kwa tuta la udongo, maji yanajaa nyuma yake basi unanyweshea ng'ombe na kumwagilia bustani mpaka kiangazi kiishe. Hakuna zege kubwa, ndo maana hata mkulima mmoja akikodi katapila anaweza kuwa nalo.

Sasa wengi wanahangaika na urefu wa tuta wakati uhai wa lambo uko kwenye utoro, ile njia ya pembeni inayopitisha maji ya ziada likijaa, inachimbwa kwenye ardhi ngumu na iwe chini ya usawa wa juu wa tuta. Utoro ukiwa mdogo au umezibwa na majani, mvua kubwa ikija maji yanapanda mpaka yanaruka juu ya tuta, na tuta la udongo haliwezi kabisa maji ya kuruka, yanakata kamfereji, kanapanuka, muda si mrefu tuta zima limeondoka.

Kingine ni kupita chini ya tuta kukagua. Maji yakichuruzika kidogo na ni masafi, yafuatilie tu, ila yakitoka na tope jua udongo wa ndani unaliwa, fungua maji yapungue haraka na uwatoe watu wanaoishi upande wa chini wa lambo. Miti pia isiachwe juu ya tuta, mizizi ikioza inaacha matundu.

Hili siyo jambo dogo jamani. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 kule Solai, Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo ndani ya shamba binafsi lilipasuka kwenye mvua za masika na zaidi ya watu 40 wakafa, watoto wakiwemo.

Na maji yenyewe siyo ya mwenye shamba. Kwa sheria ya rasilimali za maji ya 2009 Tanzania, maji ni ya umma, kibali unakiomba bodi ya maji ya bonde lako, na Kenya nako sheria ya 2016 inataka kibali. Kwahiyo weka bomba la kutolea maji chini ya tuta tangu siku ya kujenga, halafu kaeni na jumuiya ya watumia maji mkubaliane kiangazi litafunguliwa lini ili wa chini nao wapate.