Kufasiri picha ya kuchorwa: mfano wa mpanda farasi milimani

Ukisema "namwona mtu juu ya farasi, nyuma yake milima", umeeleza tu kilichomo. Kufasiri kunaanza unapouliza kwa nini mchoraji amemweka pale, kwa ukubwa ule, akielekea upande ule, kisha ukajibu kwa kuonyesha kitu kilichomo ndani ya picha.

Mimi huanza na ukubwa. Msafiri akiwa kama sisimizi, habari ni ya mlima. Mchina Fan Kuan, miaka 1,000 hivi iliyopita, alichora mwamba kwenye hariri yenye urefu wa zaidi ya mita 2. Wasafiri na wanyama wao wako chini kabisa, na usipokuwa makini utawapita.

Mgeukie sasa Napoleon, jenerali wa Ufaransa, alivyochorwa na Mfaransa Jacques-Louis David akivuka milima ya Alps huko Ulaya, picha ya 1801. Farasi amesimama kwa miguu ya nyuma, joho linapepea, mkono unaelekeza juu, na milima imekuwa pazia tu. Unadhani yuko peke yake? Chungulia chini ya tumbo la farasi: askari wadogo wanahangaika na mizinga. Jeshi lipo, ila limefinywa ili abaki mmoja. Kwenye mwamba wa kona ya chini yamechongwa majina ya Bonaparte (Napoleon mwenyewe), Hannibal, jemadari wa Carthage ya kale, na Karolus Magnus, yaani mfalme Charlemagne. Hapo hata kubahatisha hakuna: anataka kuhesabiwa na waliovuka kabla yake.

Kwa kweli Napoleon alivuka Mei 1800 akiwa amepanda baghala (mtoto wa punda na farasi), akiongozwa na mwenyeji wa milima hiyo. Mchoraji Paul Delaroche alimchora hivyohivyo karibu miaka 50 baadaye, kwenye theluji, uso umepooza. Hilo haliifanyi picha ya David kuwa bure. Ukijua alichokiacha, unajua alichokuwa anakiuza.

Wengi wakiona mtu mmoja milimani hukimbilia neno "huzuni". Huenda ni kweli, lakini tazama hatamu kwanza. Zikiwa zimelegea na farasi ameinamisha kichwa, uchovu una ushahidi. Zikiwa zimekazwa na masikio ya farasi yamesimama, basi mbele kuna kitu ambacho mchoraji hakutuonyesha.