Si Uzito wa Maji: Dhana Potofu Kuhusu Matetemeko Yanayochochewa na Mabwawa na Visima

Kila ninapowasilisha modeli ya bwawa, au ya kisima cha kuingizia maji ardhini, hakosekani mtu wa kunieleza kwamba jambo lenyewe ni jepesi: maji ni mazito, ardhi imelemewa, imetikisika. Nimeyasikia hayo kwa wahandisi wa ujenzi, kwa maofisa wa bima, kwa waandishi wa habari na hata kwa wanafunzi wa jiolojia wanaokaribia kuhitimu. Kwa kuwa maamuzi ya fedha nyingi na ya usalama wa watu hujengwa juu ya msingi huo mbovu, nimeona afadhali niubomoe kwa maandishi, kisha niguse dhana nyingine zinazoandamana nao.

“Ni uzito wa ziwa unaotikisa ardhi”

Tuanze na mabwawa yenyewe. Ziwa Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, hubeba takriban kilomita za ujazo 180 za maji, na kwa ujazo hakuna ziwa la bwawa duniani linalolizidi. Lilianza kujazwa Desemba 1958, na tetemeko lake kubwa kuliko yote, lenye ukubwa wa takriban 6, lilitokea Septemba 1963. Ziwa la bwawa la Koyna, magharibi mwa India, lina chini ya kilomita za ujazo 3. Tetemeko lililopiga Koyna Desemba 1967 lilikuwa na ukubwa wa 6.3, likaua watu wapatao 180 na kuutia nyufa ukuta wa bwawa. Mzigo wa Kariba ni mara 60 au zaidi ya mzigo wa Koyna, lakini tetemeko la Koyna halikuwa dogo kuliko la Kariba. Anayeshikilia uzito anapaswa kulieleza hilo, nami maelezo hayo sijayasikia bado.

Hesabu nazo zinakataa. Kila mita 100 za kina cha maji huongeza shinikizo la takriban megapaskali 1 kwenye sakafu ya ziwa. Katika kina cha kilomita 5 chini ya ardhi, mkazo utokanao na uzito wa mwamba peke yake ni takriban megapaskali 130, na ile moja ya ziwa huwa imetawanyika na kupungua kabla ya kufika huko. Zaidi ya hayo, mzigo unaoelemea kutoka juu hauna athari ya namna moja mahali pote. Pale ambapo ganda la dunia linavutwa na kutanuka, kama katika Bonde la Ufa, mzigo huo husaidia kidogo ufa, yaani mpasuko wa mwamba ambao pande zake mbili huweza kusogea, kuteleza. Pale linapobanwa kutoka pembeni, mzigo uleule huukaza ufa na kuuzuia usiteleze. Kwa hiyo yapo mazingira ambamo uzito wa ziwa, ukiangaliwa peke yake, unaituliza ardhi.

Kinachofanya kazi hasa ni shinikizo la maji yaliyomo ndani ya vitundu na mipasuko ya mwamba. Ufa hushikiliwa na msuguano, na msuguano hutegemea jinsi kuta zake mbili zinavyobanana. Maji yaliyomo ndani huzisukuma kuta hizo zitengane, ndiyo maana tunapokokotoa uimara wa ufa tunaondoa kwanza shinikizo la maji kutoka kwenye mkazo unaobana, kisha tunazidisha kilichobaki kwa kizigeu cha msuguano, yaani namba inayoonyesha jinsi mwamba unavyokataa kuteleza. Chukua ufa ulio kilomita 5 chini, unaobanwa kwa megapaskali 90, wenye maji ya shinikizo la megapaskali 50 na kizigeu cha msuguano cha 0.6. Uimara wake ni 0.6 mara 40, yaani megapaskali 24. Tuseme mkazo unaotaka kuutelezesha umeshafikia 23.9, kwa sababu mabamba ya dunia yamekuwa yakiusukuma kwa maelfu ya miaka. Ongeza shinikizo la maji kwa megapaskali 0.2 tu, ambalo ni sawa na kina cha mita 20 za maji, na uimara utashuka hadi 23.88. Ufa umeteleza. Nishati yote iliyotoka ilikuwa imewekwa humo na mabamba ya dunia, na maji hayakufanya zaidi ya kuiruhusu itoke.

Jambo hili limejaribiwa kwa makusudi. Kati ya mwaka 1969 na 1973, wanasayansi wa Idara ya Jiolojia ya Marekani walipandisha na kushusha shinikizo katika uwanja wa mafuta wa Rangely, jimbo la Colorado. Walikuwa wamekokotoa kwamba ufa wa pale ungeanza kuteleza shinikizo likivuka takriban megapaskali 25.7. Walipolivusha, matetemeko yaliongezeka. Walipolishusha chini ya hapo, yalipungua na karibu kukoma. Hakukuwa na ziwa lolote juu ya uwanja huo. Kadhalika mjini Basel, Uswisi, Desemba 2006, takriban mita za ujazo 11,500 za maji ziliingizwa katika kisima cha jotoardhi chenye kina cha kilomita 5, kiasi ambacho hakijazi hata mabwawa matano ya kuogelea ya Olimpiki, na mji ukatikiswa na tetemeko la 3.4. Ni mzigo gani hapo wa kulaumiwa?

Shinikizo lina tabia nyingine ambayo uzito hauna, nayo ni kusafiri polepole. Uzito wa ziwa huhisika mara moja, ilhali shinikizo hupenya mwamba kwa kusambaa, na muda wake hukua kwa mraba wa umbali. Katika mwamba ambao kigezo chake cha usambaaji ni mita mraba 0.1 kwa sekunde, wimbi la shinikizo huhitaji takriban siku 230 kufika umbali wa kilomita 5, na takriban siku 920 kufika kilomita 10. Ndiyo sababu bwawa linaweza kukaa kimya miaka mingi halafu likatoa tetemeko. Ziwa la Bwawa Kuu la Aswan, Misri, lilianza kujaa mwaka 1964, na tetemeko lake mashuhuri, lililozidi kidogo ukubwa wa 5, lilikuja Novemba 1981 katika ufa wa Kalabsha.

Sisemi kwamba uzito hauingii katika modeli. Unaingia, na modeli iliyouacha haijakamilika: mzigo mpya huvibana vitundu vya mwamba na kuyapandisha shinikizo maji yaliyokuwamo tangu zamani, kabla hata tone moja la ziwa halijafika huko. Ila hapo pia njia ya madhara ni shinikizo, na kinachoamua ni kasi ya mabadiliko. Harsh Gupta, mtaalamu wa matetemeko wa India aliyechunguza Koyna kwa miongo kadhaa, alionyesha kwamba matetemeko ya pale yaliyofikia ukubwa wa 5 yaliandamana na majuma ambayo maji ya ziwa yalipanda kwa mita 12 au zaidi. Sharti hilo peke yake halikutosha kuleta tetemeko, lakini lilikuwa la lazima. Meneja wa bwawa hawezi kupunguza uzito wa ziwa bila kuacha kuzalisha umeme. Kasi ya kulijaza, lakini, anaweza kuipunguza leo. Hiyo ndiyo tofauti inayoniudhi kila ninapousikia wimbo wa uzito: dhana hiyo humnyang'anya mtu nyenzo pekee aliyo nayo mkononi.

“Funga pampu, na matetemeko yamekwisha”

Karibu na Denver, jeshi la Marekani lilikuwa likimwaga majitaka ya kiwanda cha silaha za kemikali katika kisima chenye kina cha takriban kilomita 3.7, kuanzia Machi 1962. Matetemeko yakaanza, na Februari 1966 uingizaji ukasimamishwa. Tetemeko kubwa kuliko yote, lililokaribia ukubwa wa 5, lilikuja Agosti 1967, mwaka mmoja na nusu baadaye. Basel nako tetemeko la 3.4 lilitokea saa chache baada ya pampu kuzimwa. Pampu inapozimwa, shinikizo karibu na kisima hushuka, lakini lile lililokwisha kutoka huendelea kusambaa kuelekea nyufa ambazo halijazifikia. Kuyaacha maji yatoke upya kisimani husaidia zaidi kuliko kufunga na kuondoka.

“Maji kidogo, tetemeko dogo”

Hii ni dhana ya wataalamu wenyewe, na nina haki ya kuikemea. Ipo kanuni inayotumiwa sana, aliyoipendekeza mwanajiofizikia Art McGarr, kwamba momenti kubwa kabisa ya tetemeko, yaani kipimo cha nguvu yake, ni ugumu wa mwamba mara ujazo wa maji yaliyoingizwa. Kwa mita za ujazo 10,000, na ugumu wa gigapaskali 30 (megapaskali 30,000), unapata ukubwa wa takriban 3.6. Makampuni yameipenda kanuni hii kwa sababu inatoa namba moja ya kutuliza wakaguzi.

Pohang, Korea Kusini, mradi wa jotoardhi uliingiza chini ya mita za ujazo 13,000. Kwa kanuni ile, tetemeko lisingezidi 3.7. Aprili 2017 likaja moja lililozidi 3, kazi ikaendelea, na tarehe 15 Novemba 2017 likaja la 5.5, ambalo momenti yake ni mamia ya mara ya ile iliyodhaniwa kuwa kikomo. Tume ya wataalamu iliyoundwa kwa niaba ya serikali ilihitimisha Machi 2019 kwamba uingizaji wa maji ndio uliolichochea. Kanuni ya ujazo hufaa pale mtelezo unapobaki ndani ya eneo lililopenyezwa maji. Ufa uliokwisha kukazwa na mabamba ya dunia, ukishaanza kuteleza, hukimbia kwa nguvu zake wenyewe hadi uishie, na kikomo chake ni urefu wa ufa.

“Matetemeko madogo yanapunguza nguvu ya lile kubwa”

Ili kutoa nishati ya tetemeko moja la 6 kwa njia ya matetemeko ya 3, unahitaji takriban 32,000. Hakuna mradi unaotoa idadi hiyo, na kila dogo ni ishara kwamba shinikizo limefika kwenye ufa.

“Bwawa la Ethiopia ndilo lililotikisa Afar”

Mwanzoni mwa mwaka 2025, matetemeko yalipokuwa yakifuatana katika eneo la Fentale, upande wa Afar nchini Ethiopia, madai haya yalienea kwa kasi. Kutoka Fentale hadi bwawa lenyewe, Bwawa Kuu la Renaissance la Ethiopia, ni zaidi ya kilomita 500. Hata kwa mwamba unaosambaza shinikizo kwa wepesi, wa mita mraba 1 kwa sekunde, umbali huo ungehitaji zaidi ya miaka 600, na bwawa lilianza kujazwa Julai 2020. Picha za rada za setilaiti zilionyesha ardhi ikitanuka kwa sababu magma ilikuwa ikipenya chini yake. Eneo lile lina sababu zake.

“Modeli itatutajia siku”

Haitataja. Modeli hutoa uwezekano: kwa mpango huu wa kuingiza maji, ni matetemeko mangapi yatarajiwe na ya ukubwa gani. Thamani yake ni kulinganisha mipango na kubadilisha kazi mapema. Espoo, karibu na Helsinki, Finland, mwaka 2018, waendeshaji wa mradi wa jotoardhi waliingiza zaidi ya mita za ujazo 18,000 za maji kwenye kina cha takriban kilomita 6, wakirekebisha kasi na mapumziko kwa kufuata mitetemo iliyopimwa papo hapo, na kubwa kuliko yote ikaishia 1.9, chini ya kikomo walichowekewa.

“Hapa hapajawahi kutetemeka”

Koyna palihesabiwa kuwa sehemu tulivu ya bara la India, na ufa wa Pohang haukuwa kwenye ramani. Ukimya unaotajwa mara nyingi ni ukosefu wa vipima-mtetemo. Ndiyo maana kila anayeniomba modeli namtaka kwanza vitu vitatu. Cha kwanza ni vipima-mtetemo vilivyofungwa walau miaka miwili kabla ya ujazaji, kwa sababu bila rekodi hiyo hakuna atakayeweza kutenganisha matetemeko ya asili na ya bwawa. Cha pili ni shinikizo lililopimwa chini kisimani. Ujazo uliosomwa juu kwenye pampu haunitoshi. Cha tatu ni kina cha maji ya ziwa cha kila siku, kwa maisha yote ya bwawa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lilianza kujazwa Desemba 2022, lakini kujaa si mwisho wa kupima: maji ya bwawa lolote hupanda na kushuka kwa misimu, na Koyna imeendelea kutikisika kwa zaidi ya nusu karne baada ya kujazwa.