Dawa za bipola zikikusumbua, njoo nazo kliniki

Bipola ni nini?
Ni ugonjwa wa akili. Kipindi kimoja mtu halali, anaongea bila kituo, anagawa hata pesa ya ada. Kipindi kingine kuoga tu kunamshinda. Dawa huutuliza, na ni za muda mrefu.

Dawa inanilaza mpaka saa nne asubuhi, na korosho zimeanza kudondoka. Niiache mpaka minada iishe?
Hapana. Kila msimu tunaletewa watu wamefungwa kamba kwa sababu hiyohiyo, na korosho zao zimebaki chini ya mikorosho. Usingizi huo mara nyingi hupungua mwili ukizoea. Usipopungua, tunaweza kukusogezea muda wa kumeza au kupunguza dozi. Tuambie ukweli pia: jioni ulikunywa uraka? Maana ukichanganya pombe na dawa hizi, usingizi unakuwa mara mbili, halafu lawama anapewa daktari.

Mdogo wangu alichomwa sindano ya haloperidol. Kesho yake shingo imepinda, macho yanatazama juu. Wazee wanasema jini limegoma kutoka.
Si jini. Misuli imekakamaa kwa sababu ya dawa, na inatibika, mara nyingi siku hiyohiyo. Mleteni sasa hivi, hata kama ni usiku. Ukiwa Newala au Tandahimba, anzia kituo cha afya kilicho karibu, usikae kutafuta nauli ya kufika hospitali ya Ligula, Mtwara mjini. Jamani, mgonjwa anafukizwa ubani siku ya tatu, taya limekaza, maji hayapiti, ndipo mnakumbuka hospitali! Misuli ya koo ikikaza anaweza kukosa pumzi. Si jini. Mleteni.

Kwa hiyo hiyo sindano asichomwe tena?
Hilo ataamua daktari. Anaweza kupunguza dozi, kubadili dawa, au kumwongezea Artane ya kulegeza misuli.

Olanzapine imeninenepesha.
Ni kweli, inaleta njaa. Njoo tupime uzito na sukari, tuone kama itabadilishwa. Kuificha chini ya godoro si matibabu.

Natumia valproate na nataka mtoto.
Njoo kabla hujashika mimba, kwani inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kama mimba imeshaingia, njoo leo. Usiikate mwenyewe.

Hakuna hata siku moja ya kuacha mwenyewe?
Ipo. Unameza carbamazepine, vipele vimetoka mwilini, homa juu, mdomo una vidonda: usimeze dozi inayofuata, njoo saa hiyohiyo na pakiti yako mkononi. Usipitie duka la dawa kununua krimu.