Ziwa Nyasa Linaanzia Shambani Rungwe

Chukua chupa tupu ya maji, ile ya lita moja na nusu. Nenda mtoni asubuhi baada ya mvua kubwa ya usiku, iwe Kiwira, Mbaka au Lufilyo, uijaze, kisha uiweke dirishani hadi kesho yake bila kuitikisa. Utakuta maji ya juu yameanza kutakata, na kitakoni pamelala utando wa tope laini, jekundu au jeusi kutegemea umechota wapi. Tope lile ni shamba la mtu huko juu: udongo wa viazi, wa mahindi, wa migomba. Lilikuwa safarini kwenda Ziwa Nyasa, wewe umelikamata njiani.

Chupa hiyo huwa naibeba kwenye mikutano ya vijiji. Mara ya kwanza kuipeleka milimani, kwenye kijiji ambacho ziwa hulioni hata ukipanda mti, mama mmoja aliniuliza, "Sasa mwanangu, ziwa la Kyela linatuhusu nini sisi? Samaki wenyewe tunanunua sokoni kama watu wengine." Siku ile nilimjibu vibaya. Nilimtajia vifungu vya sheria, akanyamaza kwa adabu, na nadhani hakuna alichoondoka nacho. Nimelifikiria swali lake muda mrefu. Jibu lake linaanza na mbasa.

Mbasa ni samaki wa ziwani, lakini hazaliwi ziwani. Mvua zinapokolea na mito kujaa, mbasa wakubwa huliacha ziwa na kupanda mto, wakitafuta mahali penye maji ya kasi na changarawe safi. Hapo ndipo jike hutaga. Mayai hujibana katikati ya vijiwe na kupata hewa kutoka kwenye maji yanayopita. Tope likishuka kutoka mashambani na kuziba zile nafasi, mayai hukosa hewa yakafa, na hakuna mvuvi hata mmoja aliyetega wavu. Yale yanayoanguliwa hutoa vifaranga ambao hukaa mtoni kwa muda kabla ya kuteremka ziwani. Sasa hesabu mitihani yao: kiangazi maji yakipungua, wapo wanaotwanga utupa, mmea wenye sumu ya samaki, na kuumwaga kwenye vidimbwi, na siku hizi wengine hawahangaiki hata kutwanga, wanamwaga dawa ya shambani. Yupo pia mkulima asiye na nia mbaya kabisa, anayemaliza kupuliza dawa kwenye kakao au nyanya zake, kisha anashuka mtoni kusuuza bomba la mgongoni kwa sababu ndipo maji yalipo. Yale mabaki ya chini ya tangi, nusu kikombe tu, huua kila kitu kwenye kidimbwi kidogo. Bomba lisuuziwe shambani, na maji yake yapuliziwe kwenye mimea ile ile.

Mbasa mkubwa anayeponyoka huko juu hukutana na wavu uliotandwa ng'ambo hadi ng'ambo kwenye mlango wa mto, msimu ule ule anaopanda kutaga. Ndiyo maana leo yumo katika orodha ya samaki walio hatarini kutoweka. Wazee wa Matema, huko ufukweni, watakusimulia mbasa wa zamani aliyelazimika kukatwa vipande ndipo aenee kwenye chungu cha Ikombe. Watoto wao wanasikiliza kama hadithi ya sungura na fisi.

"Lakini ziwa lenyewe ni kubwa mno," watu huniambia. "Litaharibikaje?" Ni kweli ni kubwa. Kina chake kinafika karibu mita 700, na tunaligawana na Malawi na Msumbiji. Ila ukubwa huo unadanganya. Kuanzia kama mita 250 kwenda chini, maji ya Ziwa Nyasa hayana oksijeni, na samaki hawezi kuishi humo. Samaki wote tunaowajua, kuanzia usipa wanaoanikwa mchangani hadi magege, wamejazana kwenye tabaka la juu, na wengi wao kwenye ukanda mwembamba wa ufukweni.

Jambo la pili ni kwamba ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Shire ulioko Malawi. Nao hutoa kiasi kidogo; sehemu kubwa ya maji yanayoingia huondoka kwa kuvukizwa na jua. Kila apikaye anajua maana yake. Chungu kikichemka, maji yanakwenda na mvuke, chumvi inabaki. Mbolea iliyosombwa na mvua, mabaki ya dawa, uchafu wa vyoo vilivyojengwa kingoni mwa mto, vyote vikiingia ziwani haviondoki na mvuke. Mbolea ikizidi hulisha mwani, maji ya pwani huwa ya kijani, na mawe ambako samaki wadogo hujitafutia chakula hufunikwa.

Sitaki watu wa milimani wabebeshwe mzigo wote. Ufukweni nako kuna yetu. Magege dume huchimba kiota mchangani kwenye maji mafupi, na jike akishataga huyabeba mayai kinywani, hata watoto wakianguliwa hukimbilia humo humo wakiona hatari. Samaki wa namna hii hazai kwa maelfu. Kokoro likiburuzwa ufukweni linafuta viota, linazoa mama na watoto aliowabeba mdomoni. Kokoro na nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, ni marufuku kisheria, na kila mvuvi anajua. Chandarua cha mbu nacho tumekiona majini mara nyingi kuliko tulivyopenda.

Nyumbani hasara hiyo huingia kwa mlango usiotarajiwa: kichocho. Konokono wanaobeba kichocho huliwa na aina fulani za samaki wa maji mafupi. Watafiti upande wa Malawi walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba samaki hao wakivuliwa kupita kiasi, konokono huongezeka, na ugonjwa pia. Mtoto anayekojoa damu na kokoro lililopita ufukweni kwao, watu wachache huviweka kwenye sentensi moja.

Sasa kuhusu sheria, ile niliyomsomea yule mama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Naiunga mkono. Lakini tuwe wakweli: eka ni hatua 70 kwa 70, yaani mita kama 64 kila upande. Mwenye eka moja inayopakana na mto ukimwambia aache mita 60, umemwambia aache shamba. Ndiyo sababu mabango ya mita 60 yamejaa na vinyungu, yaani vibustani vya bondeni kando ya maji, vimeendelea kulimwa chini yake.

Ninachokiona kikifanya kazi ni kumpa mkulima sababu ya kuupenda ule ukanda. Rungwe ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, wengi wanafugiwa zizini, na majani ni shida kila kiangazi. Ukingo uliopandwa majani ya tembo, ukiachiwa matete na miti ya asili kama mikuyu, unashika udongo na unalisha ng'ombe bila jembe kugusa ardhi. Mikaratusi iondoke hapo. Inakunywa sana, na chini yake nyasi za kushika udongo hazioti vizuri. Juu zaidi kwenye mteremko, matuta ya viazi yanayoelekea bondeni yageuzwe yakate mteremko. Yule mama ningemjibu leo kwamba tope la kwenye chupa ni mbolea aliyoilipia. Aliinunua kwa mfuko, akaitia shimoni, mvua ikampelekea mvuvi asiyeihitaji.

Kuna vikundi vya kufanya kazi hii. Ufukweni kuna vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo kila mtu huviita BMU. Kando ya mito kuna jumuiya za watumia maji. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa yenyewe ina makao yake Tukuyu, huko milimani, mbali na ufukwe, na kwangu hilo linaeleza mambo vizuri kuliko ramani. Kasoro ninayoiona ni kwamba BMU na watumia maji hawakutani. Wavuvi wakikutana wanawalaumu wakulima, wakulima wakikutana hawawakumbuki wavuvi. Wangekaa benchi moja, wangeweza kupatana jambo dogo: watu wa chini wasitande nyavu kwenye milango ya mito wakati mbasa anapanda, na watu wa juu wasiguse kingo za mito ile ile msimu huo. Hakuna upande utakaokubali kuanza peke yake, na sioni kwa nini ukubali. Mlango wa mto ndipo penye mapato ya msimu, na vinyungu ndivyo vinavyolisha watoto wakati ghala limeisha. Makubaliano yaandikwe, yapelekwe serikali za vijiji zote mbili yawe sheria ndogo, na faini ijulikane ni kiasi gani na inaingia mfuko gani.

Mkutano huo uanze na chupa. Kila kijiji kichote mahali pale pale kila mvua kubwa ya kwanza ya msimu, kiandike tarehe na jina la mto kwa kalamu isiyofutika, na kuitunza chupa ofisini kwa mtendaji. Mvua huanza Novemba, na mtendaji apewe rafu ambayo watoto hawaifikii, kwa sababu mwaka wa kwanza za kijiji kimoja zilimwagwa zikauziwa mafuta ya taa.